Uliwahi Kutoa Mimba na Sasa Unataka Mtoto

Swali hili hurudi kila mwezi kwa sura tofauti. Mmoja anaandika kwamba alitoa mimba akiwa chuoni, leo ameolewa na mwaka unakatika bila dalili. Mwingine ana mimba ya miezi miwili na usingizi umempaa, kwa sababu aliambiwa aliyewahi kutoa lazima azae njiti. Wa tatu anauliza amwambie nesi wa kliniki ukweli au anyamaze, maana mume wake atakuwa amekaa pembeni.

Nawajibu wote pamoja. Hukumu sina, na wala hamko wachache: watafiti walikadiria kuwa Kenya mwaka 2012 zilitolewa mimba karibu 465,000, na Tanzania mwaka 2013 karibu 405,000. Wengi wa wanawake hao wamezaa tangu hapo, na mnawajua, ila hamjui kwamba walipitia hayo.

Jibu kwanza

Mimba iliyotolewa mapema, kwa njia salama, ikatoka yote na isifuatwe na maambukizi, kwa kawaida haimzuii mwanamke kupata mtoto baadaye. Uzazi huharibiwa na maambukizi, majeraha, kizazi kukwanguliwa kwa nguvu au mara kwa mara, na mabaki yaliyoachwa ndani yakaoza. Kwa hiyo hoja kubwa ni jinsi mimba ilivyotoka na yaliyofuata baadaye.

Denmark walifuatilia mimba zaidi ya 11,000 za wanawake waliokuwa wametoa mimba changa, wengine kwa vidonge na wengine kwa kusafishwa hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili katika mimba kutunga nje ya kizazi, mimba kuharibika, wala kuzaa kabla ya wakati. Uskoti walipitia rekodi za uzazi wa kwanza kuanzia 1980 hadi 2008. Miaka ya mwanzo, aliyewahi kutoa mimba alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa njiti. Kadiri vidonge na njia laini zilivyochukua nafasi ya zile za zamani, uhusiano huo ulififia hadi ukatoweka.

Najua utaniambia: “Hao ni Wazungu, walihudumiwa hospitali. Mimi nilifanyiwa chumbani kwa mtu.” Ni hoja ya haki kabisa, na sehemu kubwa ya ushauri unaofuata nimeiandika kwa ajili yako.

Kama mimba imetoka siku chache zilizopita

Acha mengine yote, soma hapa. Nenda hospitali leo, usingoje kesho, ukiona:

- damu inalowanisha pedi 2 au zaidi kwa saa moja, kwa saa 2 mfululizo;
- homa au kutetemeka;
- uchafu unaotoka ukeni wenye harufu mbaya;
- maumivu makali ya tumbo yasiyotulia hata baada ya dawa;
- kizunguzungu, kuzimia, au moyo kwenda mbio.

Sheria za kutoa mimba ni kali Tanzania na Kenya, lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika ni huduma rasmi katika nchi zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mweleze daktari kila ulichomeza na kila kilichoingizwa ukeni, hata kama ni mti au mrija. Asipojua, anaweza kukosa kukuchanja pepopunda au kutogundua kwamba kizazi kimetobolewa. Saa chache za aibu ni afadhali kuliko mirija kuziba kwa maisha.

Kosa moja nalisikia sana: kudhani huwezi kushika mimba kabla ya hedhi kurudi. Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2 tu baada ya mimba kutoka. Kama hauko tayari, omba njia ya uzazi wa mpango kabla hujatoka hospitalini.

Andika ilikuwaje

Kwa aliyetoa zamani, kazi ya kwanza ni karatasi na kalamu. Andika majibu haya, uyatunze pasipofikiwa na mtu:

1. Mimba ilikuwa na wiki ngapi? Kabla ya wiki 12 au baada yake?
2. Ilitolewaje? Kwa vidonge, kwa kufyonzwa na bomba la mkono, kwa kukwanguliwa na chuma, au kwa mitishamba, mti na vitu vingine?
3. Ni mara ngapi yote hayo yametokea?
4. Nini kilifuata? Homa, kulazwa, kuongezwa damu, kusafishwa mara ya pili, upasuaji wa tumbo?
5. Hedhi ilirudi baada ya muda gani, na sasa ikoje ukilinganisha na zamani?

Ukiwa umetoa mara moja, mimba changa, kwa vidonge au kwa kufyonzwa, hukupata homa, na hedhi ilirudi ndani ya wiki 4 hadi 8 ikiwa kama zamani, huna sababu ya kutafuta vipimo vikubwa. Wewe ruka mpaka kwenye maandalizi. Jibu lako lolote likiwa tofauti na hayo, endelea na sehemu inayofuata, na hiyo karatasi uende nayo kwa daktari wa wanawake.

Madhara hukaa wapi

*Mirija.* Hapa ndipo maambukizi hufanya uharibifu wao wa kimyakimya. Vijidudu vikipanda kutoka ukeni hadi kwenye mirija huacha makovu, na mrija wenye kovu ama hauruhusu mbegu kulifikia yai, ama hulinasa yai lililorutubishwa njiani likatunga humo humo. Huo ndio mwanzo wa mimba ya nje ya kizazi, ambayo humwaga damu ndani ya tumbo na kuua. Maambukizi haya si lazima yatokane na mimba iliyotolewa. Kisonono na klamidia visivyotibiwa huziba mirija ya wanawake ambao hawajawahi hata kushika mimba. Kwa hiyo mirija ikikutwa imeziba, usikimbilie kujilaumu.

*Ukuta wa ndani wa kizazi.* Chuma cha kukwangulia kikipita kwa nguvu, hasa palipo na maambukizi, kinaweza kuondoa hata tabaka linalootesha utando wa kila mwezi, kisha kuta mbili zikashikana. Dalili yake kuu ni hedhi kuwa haba ghafla au kukatika kabisa tangu siku ile, pengine na maumivu ya tumbo kila mwezi bila damu kutoka. Ukiwa na dalili hiyo usipoteze miaka kwa dawa za kurekebisha homoni, kwa maana homoni zako huenda hazina tatizo lolote. Daktari bingwa anaweza kuingiza kamera ndogo kupitia mlango wa kizazi, akaona yalipo makovu na kuyakata. Shirika la Afya Duniani limeshaelekeza kwamba kukwangua kwa chuma kuachwe na badala yake itumike njia ya kufyonza au vidonge. Hivyo ukiambiwa mahali fulani leo kwamba “tutakukwangua”, una haki ya kuuliza kama bomba la kufyonza lipo.

*Mlango wa kizazi.* Ukipanuliwa kwa nguvu na chuma, hasa mimba ikiwa kubwa au ikiwa ni mara kadhaa, unaweza kulegea. Mwanamke hushika mimba vizuri, anafika mwezi wa nne au wa tano, kisha inatoka bila uchungu wa maana. Hili likikutokea hata mara moja, mwambie daktari mapema katika mimba inayofuata. Mlango unaweza kupimwa urefu kwa utrasaundi, na ikibidi ukashonwa uzi, mara nyingi mimba ikiwa na wiki 12 hadi 14. Ukija kliniki wiki ya 24, nafasi hiyo imeshapita.

*Idadi.* Utafiti wa Finland kwa wazazi wa mara ya kwanza zaidi ya 300,000 ulionyesha kuwa waliotoa mara 3 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua mapema mno. Hata miongoni mwao, wengi walizaa salama. Habari hii ikusaidie kuwahi kliniki, isikukoseshe usingizi.

*Kovu la kutobolewa.* Waliofanyiwa upasuaji kwa sababu kizazi kilitobolewa wasijifungulie nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Tafuta karatasi za hospitali ile, hata kama ni kwa kutuma mtu.

Damu yenye alama ya hasi

Hili wengi hawajawahi kuambiwa. Kama kundi lako la damu ni O hasi, A hasi, B hasi au AB hasi, na mimba ilikuwa ya mwanamume mwenye damu chanya, damu ya mtoto ikichanganyika na yako mwili wako unaweza kutengeneza kinga dhidi yake. Wewe huhisi kitu. Mimba ya baadaye ndiyo huumia: mtoto anaweza kupungukiwa damu akiwa tumboni, kuzaliwa na manjano kali, au kufia humo.

Uwezekano huu ni mdogo sana mimba ikitoka kabla ya wiki 12, na kwa mimba hizo changa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauagizi sindano ya kinga. Mimba ikiwa kubwa zaidi, sindano ya anti-D hutakiwa ndani ya saa 72. Kama saa hizo zilishapita miaka mingi nyuma, bado kuna la kufanya:

- pima kundi la damu sasa, na mwenzako naye apime;
- ukiwa hasi, omba kipimo kinachoonyesha kama kinga hiyo imeshatengenezwa mwilini mwako;
- kama haijatengenezwa, anti-D wakati wa mimba hii na baada ya kujifungua itakulinda;
- kama imeshatengenezwa, fuatiliwa hospitali kubwa tangu mwanzo.

Anti-D ni ghali na haipatikani kila mahali. Anza kuiulizia mapema na kuweka akiba yake, kama unavyoweka ya vifaa vya kujifungulia.

Maandalizi kabla ya kushika mimba

“Nisubiri muda gani?” Mwaka 2005 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza angalau miezi 6. Tafiti za baadaye hazikuonyesha kwamba anayewahi zaidi ya hapo anapata madhara makubwa. Ninachoshauri ni hiki: kama mimba ilitoka salama, ngoja angalau hedhi moja ya kawaida, ili hata tarehe za mimba mpya zihesabike vizuri. Kama ulipoteza damu nyingi, ulipata maambukizi au ulipasuliwa, subiri mpaka daktari aseme umepona. Miezi 6 kwako si mingi.

Wakati unasubiri:

- Pima wingi wa damu. Mjamzito akiwa chini ya gramu 11 tayari anahesabiwa ana upungufu, na aliyeanza mimba na damu kidogo huimalizia vibaya. Kunywa vidonge vya madini ya chuma ulivyoandikiwa, kula maini, dagaa, maharage na mboga za majani, na chai isogee mbali na chakula kwa sababu inazuia madini hayo yasifyonzwe.
- Pima magonjwa ya zinaa na VVU, wewe na mwenzako. Ukitibiwa peke yako atakurudishia ugonjwa.
- Anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, mwezi mmoja au zaidi kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Wengi huanza wakishachelewa, maana uti wa mgongo wa mtoto huumbika kabla mama hajaenda kliniki.
- Kamilisha chanjo ya pepopunda, hasa kama ulitumiwa vifaa visivyosafishwa.

Hizo zinazoitwa dawa za kusafisha kizazi

Hapa naomba mnisikilize. Kuna biashara kubwa, kwenye simu na kwenye vibanda, ya kuwauzia hofu wanawake waliowahi kutoa mimba. Wanaambiwa kizazi “kimechafuka”, kwamba kuna “uchafu wa zamani” unaozuia mtoto, kisha wanauziwa vidonge vya kuchomeka ukeni, unga wa kunywa, au mvuke wa kujifukiza.

Kizazi hujisafisha kwa hedhi. Mabaki ya mimba yakibaki ndani hujionyesha kwa damu, maumivu na homa wiki zile zile, hayakai kimya miaka 5 yakisubiri muuzaji. Mrija ulioziba kwa kovu hauzibuliwi na unga. Kuingiza vitu ukeni huondoa bakteria wa ulinzi na kufungulia njia maambukizi, yale yale yanayoziba mirija. Ute mwingi unaotoka baada ya kuchomeka vidonge hivyo, ambao muuzaji anakuonyesha kama “uchafu umetoka”, ni uke uliochubuka ukijitetea.

Kama umeshatumia na sasa unawashwa, unatoka uchafu au tumbo linauma, acha leo na uende hospitali. Na ukiwa na hiyo fedha mkononi bado, itoshe kukupimia kundi la damu na wingi wake, chenji ibaki.

“Mbona sishiki mimba?”

Chini ya miaka 35, mpe mwili mwaka mmoja wa kukutana mara 2 au 3 kwa wiki bila kinga. Ukiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6. Usisubiri hata hiyo kama hedhi ilibadilika tangu mimba ile itoke, kama ulilazwa kwa maambukizi, au umewahi kupata mimba ya nje.

Vipimo vianzie kwenye vyepesi: historia yako, utrasaundi, na kipimo cha mbegu za mume. Narudia, cha mume. Karibu nusu ya matatizo ya ndoa zisizopata mtoto yana mchango wa mwanamume, na nimeona wanawake wakipigwa picha za mirija mara mbili, wakiamini moyoni kwamba ni wao kwa sababu ya siri yao, huku mume hajawahi kupimwa hata mara moja. Kuzaa naye mtoto miaka 10 iliyopita, au yeye kumzalisha mwingine, si cheti. Picha ya mirija, ile ya eksirei na dawa, ije baadaye, na ifanyike siku chache baada ya hedhi kuisha.

Wengine huandika kwamba ni adhabu ya Mungu. Mzungumze na padri, mchungaji au shehe wako kuhusu moyo, na mirija ipimwe hospitali. Moja lisizuie lingine.

Kliniki: useme au unyamaze?

Sema, lakini chagua wakati. Muuguzi atauliza hii ni mimba ya ngapi na ngapi ziliharibika. Ukijibu “ya kwanza” mbele ya mume kwa sababu umebanwa, si mwisho wa dunia. Mrudie peke yako. Mbinu zinazofaa:

- hudhurio lenu la kwanza likiwa la wawili, mwombe nesi akupime shinikizo la damu au mkojo chumba kingine, umwambie huko;
- sema kwa lugha fupi: “Nesi, nilishawahi kupata mimba ikatoka, ilikuwa ya miezi mitatu, nilisafishwa mara mbili na nilipata homa.” Haikulazimu useme nani, lini, wala kwa nini;
- uliza kabla: “Hili utaliandika kwenye kadi?” Kadi hukaa nyumbani, na watu husoma. Muuguzi mwenye busara atajua namna ya kuandika ili mkunga aelewe na wa nyumbani asijue zaidi ya anavyotakiwa;
- ukikutana na mwenye mdomo mchafu, badilisha mtoa huduma, usiache kliniki.

Kama jambo lenyewe lilikuwa jepesi, mimba moja changa iliyotoka salama, kutolisema hakutabadilisha sana matibabu yako. Damu hasi, kusafishwa mara nyingi, mlango kulegea au kizazi kutobolewa ni mambo ambayo kuyaficha kunaweza kukugharimu mtoto, au wewe mwenyewe.

Mimba ikishaingia

Hudhuria kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani linataka mahudhurio 8 tangu mwaka 2016, na hilo la kwanza ndilo lenye uzito kwako. Kwa aliyewahi kupata maambukizi, utrasaundi ya wiki 6 hadi 8 ni ya lazima ili kujua mimba imekaa ndani. Tazama dalili kwa wakati wake:

- Wiki 5 hadi 10: maumivu ya upande mmoja, damu kidogo kidogo, maumivu ya bega au kuishiwa nguvu. Kimbia hospitali, mimba huenda iko nje.
- Wiki 14 hadi 26: uzito sehemu ya chini ya tumbo, ute wa majimaji kuongezeka, maumivu ya kiuno yasiyo na sababu. Mlango upimwe.
- Baada ya wiki 28: damu nyekundu isiyo na maumivu. Kondo linaweza kuwa limekaa chini, jambo linalowapata zaidi waliokwanguliwa. Asikupime yeyote kwa vidole kabla ya utrasaundi.
- Kabla ya wiki 37: tumbo kukaza kwa mpangilio, au chupa kupasuka. Nenda hata kama ni usiku, kwa kuwa kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nayo inahitaji muda kufanya kazi.

Siku ya kujifungua

Kizazi kilichowahi kukwanguliwa kinaweza kung'ang'ania kondo, na hapo damu humwagika kwa kasi. Chagua mapema hospitali yenye damu ya akiba na chumba cha upasuaji, ujue usafiri wa usiku ni wa nani, na ndugu wawili wenye kundi la damu linalokufaa wawe wameshapimwa. Ukifika chumba cha kujifungulia mwambie mkunga wa zamu, kwa sauti ndogo akiinama kukupima, kwamba uliwahi kusafishwa kizazi. Ataandaa dawa ya kuzuia damu mapema, na kondo likitoka ataligeuza na kulikagua kipande kwa kipande kabla hajakuruhusu kuondoka kitandani.